Sehemu moja ya kumi ya sekunde

Lawama inayosikika zaidi kwenye baraza za Lamu ni kwamba watoto wamepumbazwa na picha. Kijana akitoka chuoni alasiri anakata vichochoro hadi chumba cha PlayStation, na mzazi anayechungulia mlangoni anaona rangi, mwanga na kelele, basi anahitimisha kuwa hicho ndicho kilichomvuta. Lawama ya pili ni nzito zaidi: kwamba gemu zimesukwa kama dema, samaki anaingia bila taabu na njia ya kutokea haioni.

Ya kwanza si kweli. Ya pili ina ukweli ndani yake, ila inatupiwa gemu zote wakati inazihusu baadhi tu. Mzazi asiyejua kuzitenga huishia kumnyang'anya mtoto gemu njema na kumwachia simu yenye ile mbaya.

Ingekuwa picha ndiyo sababu, gemu za zamani zingekuwa zimezikwa kitambo. Gemu ya GTA San Andreas ni ya mwaka 2004, nyuso zake zina pembe kama mbao ambazo hazijapigwa randa, na bado ina wapenzi. Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa 1989, kampuni ya Nintendo ilipotoa Game Boy, kimashine cha mkononi chenye kioo kisicho na taa wala rangi, vivuli vinne tu vya kijani kilichofifia. Mwaka uliofuata washindani wao, Sega, wakaleta Game Gear, yenye rangi kamili na taa nyuma ya kioo. Game Gear ilimaliza betri sita kwa saa tatu hadi tano. Game Boy ilitumia betri nne na kupita saa kumi. Gunpei Yokoi, aliyeisimamia Game Boy, alishikilia kwamba vifaa viwe vya kawaida, vya bei nafuu, vilivyokwisha kuzoeleka, na akili yote iende kwenye namna ya kuvitumia. Pamoja na toleo lake la rangi la 1998, Game Boy iliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear iliishia takriban milioni 10. Na gemu iliyoibeba Game Boy ilikuwa Tetris: maumbo saba, kila moja miraba minne, yanaanguka. Hakuna cha kukodolea macho pale.

Sisemi sura si kitu. Sura ni jambo kubwa, lakini mtindo wa picha na nguvu ya mashine ni vitu viwili. Shigeru Miyamoto wa Nintendo alipomchora Mario kwa ajili ya gemu ya Donkey Kong mwaka 1981, alikuwa na vitone vichache mno vya kuchorea mtu mzima. Nywele zilikuwa ngumu kuchora, akamvika kofia. Mdomo usingeonekana, akamwekea sharubu chini ya pua. Mikono ingepotea mwilini, akampa ovaroli ili ionekane ikitembea. Miaka minne baadaye, Super Mario Bros nzima ilikaa ndani ya kilobaiti 40, na ukiangalia vizuri utaona kuwa wingu na kichaka ni picha moja, juu imepakwa nyeupe na chini kijani. Mtunga mashairi anaielewa hali hii bila kufafanuliwa. Mizani nane kwa nane na vina viwili humsukuma atafute neno ambalo asingelitafuta kama angeachiwa uwanja wote.

Mtindo pia huzeeka polepole kuliko nguvu. Gemu ya The Legend of Zelda: The Wind Waker ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2001, wapenzi wengi wa Zelda walikasirika. Walikuwa wanangoja picha zinazofanana na watu halisi, wakaletewa katuni: mistari iliyo wazi, kivuli kimoja au viwili kwa kila rangi, macho makubwa. Gemu zilizosifiwa miaka ile kwa uhalisia leo zinaonekana zimekauka, na ile katuni inatazamika vilevile. Na mtu wa Lamu ana sababu yake ya kuipenda, maana ni gemu ya tanga. Upepo ukiwa nyuma chombo kinakimbia, ukiwa mbele kinajikokota. Nahodha wetu angebisha, huku na huku hadi afike. Kijana wa kwenye gemu hana haja ya kubisha, anachukua kifimbo na kuugeuza upepo wenyewe.

Lakini ufundi hasa hauko kwenye macho. Uko mkononi, na kipimo chake kizuri ni sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Chukua Celeste, gemu ya 2018 ya msichana anayepanda mlima. Mchezaji anakimbia hadi ukingoni, anabonyeza kuruka, ila amechelewa kidogo na miguu imeshaacha ardhi. Kwa hesabu kavu ameanguka. Gemu inamruhusu kuruka hata hivyo, mradi asiwe amepitisha hiyo sehemu moja ya kumi. Kwa picha 60 kwa sekunde, huo ni muda wa picha sita. Vivyo hivyo akibonyeza mapema mno, kabla hajatua, gemu inalikumbuka bonyezo lake kwa kitambo kidogo na kulitimiza mara anapogusa chini.

Kwa nini wajisumbue? Kwa sababu jicho na mkono vina ucheleweshaji wao. Mtu huchukua kama robo ya sekunde kuitikia alichokiona, kwa hiyo wakati wa ukingo anabonyeza kwa kukisia, na moyoni anaamini amebonyeza kwa wakati. Ukimwangusha atasema gemu imemdhulumu, na kwa namna yake atakuwa sahihi. Ile sehemu moja ya kumi haimpi ushindi wa bure: mwiba unabaki mwiba, shimo linabaki shimo. Inachofanya ni kuhukumu nia yake badala ya kuhukumu kidole. Na mchezaji hajui kama amesamehewa. Anahisi tu kwamba gemu hii inamsikia. Nambari yenyewe ni ya kupimwa kama chumvi. Ipunguze hadi sehemu moja ya hamsini, gemu inakuwa katili bila sababu inayoonekana. Iongeze hadi theluthi ya sekunde, msichana anaonekana anatembea hewani na mlima unaacha kuwa mlima. Katika gemu za kupigana kuna hesabu ya namna hiyo pia: ngumi ikitua, wapiganaji wote wawili husimama tuli kwa picha chache, na huko kusimama ndiko kunakomfanya mchezaji ahisi uzito wa ngumi kwenye mkono usioguswa na kitu.

Sasa iweke sehemu hiyo hiyo ya kumi upande wa pili. Televisheni nyingi bapa, zikiachwa kwenye mpangilio wa sinema, huichakata kila picha kabla ya kuionyesha: zinaikuza, zinailainisha, zinaongeza picha za katikati. Kazi hiyo inaweza kuchelewesha picha kwa milisekunde 50 hadi zaidi ya 100. Mchezaji anabonyeza pasi, mpira unaondoka baadaye, beki ameshafika. Anagonga padi, kile kishikio chenye vibonyezo, gotini na kusema imekufa, mwenye chumba anamletea nyingine, nayo pia imekufa. Padi haina kosa. Fungua menyu ya picha kwenye televisheni, weka mpangilio wa gemu, zima ulainishaji wa mwendo, na utaona padi zote mbili zimefufuka. PS2, yaani PlayStation ya pili, inaumia zaidi, maana inapounganishwa kwa waya za njano, nyekundu na nyeupe, televisheni bapa hulazimika kwanza kuishona upya picha ya mistari nusu nusu ndipo iikuze. Zile televisheni za kichogo hazikuwa na kazi hiyo, ndiyo maana PS2 ileile ilikuwa nyepesi juu yake. Padi ikiwa mbovu kweli dalili yake ni nyingine: mchezaji wa kwenye kioo anatembea mwenyewe hali kijiti hakijaguswa. Ukanda wa kaboni ndani ya kijiti umelika, na hewa ya chumvi ya huku haiusaidii.

Nimekaa juu ya jambo hili kwa sababu linajibu lile la picha. Picha ni ileile kabla na baada ya kubadili mpangilio. Kilichobadilika ni muda wa jibu, na raha yote ilikuwa imeondoka nao.

Baada ya jibu kuna uamuzi, na hapa wazee wa bao wanajua zaidi kuliko wanavyojisifia. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Wakati wa kunamua, hatua ya kwanza ya mchezo, kete ya mwisho ya mchezaji anayekula ikiangukia kwenye nyumba, shimo lake kuu, iliyonona, ana ruhusa ya kuchagua: asimame hapo nyumba ikizidi kunenepa, au ainue zote asafiri nazo. Akisafiri anaweza kuuvuruga upande wote wa mwenzake, lakini nyumba imekwenda. Akisimama, huenda mwenzake akaila yote zamu ijayo. Mvuto wote uko kwenye kile kitambo cha mkono kuning'inia juu ya shimo. Mtengenezaji mzuri wa gemu anatafuta kitambo hicho. Katika Pac-Man ya Toru Iwatani ya 1980, mizimwi minne haimfukuzi mchezaji kwa namna moja: mmoja anamfuata nyuma, mwingine analenga mahali anapoelekea, mwingine akimkaribia sana anageuka na kukimbia. Kwa hiyo kila kona ni uamuzi. Katika Space Invaders ya 1978, maadui 55 waliizidi mashine nguvu, ikawa wanakwenda polepole, na kila anayeuawa waliobaki wanaongeza kasi kwa kuwa mashine imepumua. Tomohiro Nishikado, aliyeitengeneza, hakulisahihisha. Udhaifu wa mashine ukawa mapigo ya moyo ya gemu.

Wanaolaumu wana hoja, na iliyo kali kuliko zote ni hii: ufundi huohuo ndio chambo. Celeste ikikuua inakurudisha kwenye jaribio jipya papo hapo, huna hata nafasi ya kuinua kichwa ukaona jua limeingia. Bao linaisha, kete zinakusanywa, watu wanainuka kwenda kusali. Gemu nyingi hazina mahali pa kuinukia. Hili silipingi. Shirika la Afya Duniani nalo limeliweka tatizo la uchezaji gemu kwenye orodha ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Ila soma vigezo vyake: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mambo mengine yote, na anaendelea ingawa madhara yanaonekana, kwa kawaida kwa miezi isiyopungua 12. Kijana aliyechelewa chakula cha usiku hayumo humo. Aliyeacha shule yumo, na nyumba yake inahitaji msaada kuliko mahubiri.

Mahali ambapo lawama inanasa sawasawa ni kwenye gemu ambazo kivutio chake kimehamishwa kutoka mchezoni kwenda dukani. Candy Crush Saga ya 2012 inampa mchezaji nafsi tano, yaani nafasi tano za kushindwa, na kila inayopotea hurudi baada ya dakika 30, au alipe. Kinachouzwa hapo ni subira. Katika gemu za mpira za kampuni ya EA kuna pakiti za wachezaji: unalipa kwanza, ndipo unajua kama umepata nyota au mtu wa benchi. Ubelgiji ilisema mwaka 2018 kwamba masanduku ya bahati ya namna hiyo yanayouzwa kwa pesa ni kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza sarafu za pakiti hizo nchini humo. Mji kama Lamu hauhitaji wakili wa kuufafanulia kamari ni nini. Wazee wakiliona hilo kwenye simu ya mtoto waseme, na wasilegeze. Wako sawa pia juu ya vyumba ambako anayefungwa ndiye anayelipia mechi, ingawa kosa hilo ni la maagano ya wachezaji na halimo ndani ya gemu.

Tofauti ninayoiona iko kwenye kushindwa. Aliyeanguka mlimani anajua kwa nini, na jaribio linalofuata mkono wake una kitu kipya. Aliyefungua pakiti akakosa hana alichojifunza. Kuna pakiti nyingine tu, bei ileile. Ukiziita zote mbili uraibu, unampa muuza pakiti kivuli cha kujifichia.

China ilichagua kufunga zote: tangu 2021, aliye chini ya miaka 18 anaruhusiwa gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Saa hiyo haiulizi ni gemu gani, ndiyo kasoro yake.

Nyumbani inawezekana kuuliza. Kwenye simu, ingia duka la programu na uweke nywila kwa kila ununuzi, si mara moja kwa siku. Zima arifa za gemu, hasa zile za "zawadi yako ya leo inakungoja", maana zawadi ya kila siku imewekwa ili kukosa siku moja kuume. Kisha zima data na ufungue gemu. Ikicheza bila mtandao, kaa na mtoto dakika kumi umwombe akuonyeshe mahali anaposhindwa na anachofikiri afanye. Ikikataa kufunguka, tazama inataka nini huko mtandaoni: mpinzani, au duka.