Kabla ya Kununua Megabiti, Kagua Kadi ya Mtandao

Ofisi nyingi za Kampala, mtandao ukizorota, lawama hutupwa nje ya jengo: mtoa huduma, mvua, nyaya za baharini. Lawama hizo huaminika upesi kwa sababu Uganda haina pwani, na sehemu kubwa ya intaneti yetu hupitia Mombasa. Lakini faili inayotoka kwenye seva (kompyuta inayotunza faili za ofisi) iliyo chumba cha pili haipiti Mombasa. Nayo ikisuasua, tatizo liko humu humu ndani, na kuongeza megabiti, yaani kununua kasi zaidi ya intaneti, ni kutupa fedha. Jambo hili linaniuma hasa kwa shule na zahanati, ambako kila shilingi ina kazi.

Anza na kadi ya mtandao, sehemu ya kompyuta inayopokea waya wa mtandao. Kwenye mfumo wa Linux, andika amri ya ethtool na jina la kadi, kisha soma mistari miwili: Speed, yaani kasi, na Duplex, yaani dupleksi: kamili ikiwa pande mbili za waya zinaweza kutuma kwa wakati mmoja, nusu ikiwa zinapokezana zamu. Kwenye FreeBSD, mfumo mwingine wa kompyuta, amri ya ifconfig itakuonyesha hayo kwenye mstari wa media. Kadi ya gigabiti ikionyesha 100Mb/s, anza na waya. Kasi ya 100 hutumia jozi mbili tu za nyuzi. Gigabiti inazitaka zote nne. Uzi mmoja ukikatika, au panya akiutafuna, kadi inaweza kushuka hadi 100 bila kumwambia mtu, na faili ya gigabaiti moja iliyokuwa ikichukua kama sekunde 9 sasa inachukua dakika moja na nusu. Tena jihadharini na waya wa bei ya chini, ule wa alumini iliyopakwa shaba. Haukidhi viwango vya Cat5e wala Cat6, hata kama ganda lake limeandikwa hivyo.

Ugonjwa unaosumbua zaidi ni wa dupleksi. Fundi anaifunga swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi, kwa mkono kwenye 100, dupleksi kamili, huku kadi ya seva ikiachwa ipatane yenyewe na swichi kuhusu kasi na dupleksi. Kadi haipati jibu la mapatano, inatambua kasi tu, na kwa dupleksi inachukua nusu. Sasa upande mmoja unatuma wakati wowote, mwingine unangoja zamu, kama barabara yenye ujenzi ambayo dereva mmoja hajauona mkono wa askari. Ping, jaribio la kuona kama mashine ya pili inajibu, inapita vizuri kwa kuwa pakiti zake (vifurushi vya data) ni ndogo na chache. Ukianza kunakili faili kubwa, kila kitu kinakwama. Ndiyo maana watu wanaopima kwa ping tu huapa kwamba mtandao ni mzima.

Mazoea ya kufunga kasi kwa mkono yalitoka enzi za vifaa vya kwanza, ambavyo havikujua kupatana vizuri. Naamini yangeachwa kabisa. Gigabiti ya waya wa shaba inahitaji mapatano hayo kwa mujibu wa kiwango chenyewe. Acheni pande zote mbili zipatane.

Halafu, kwenye Linux, amri ya ip -s link itakupa hesabu ya makosa na migongano. Tazama, nakili faili kubwa, tazama tena. Makosa yakipanda, badilisha waya, kisha tundu la swichi, kisha kadi, kimoja kimoja.

Mwisho, weka iperf3, programu ya kupima kasi, kwenye mashine mbili za ndani. Gigabiti yenye afya hutoa megabiti 940 hivi kwa sekunde. Ukizipata hizo na intaneti bado inatambaa, hapo mpigie mtoa huduma, na umsomee namba zako.