XT, STI na mlima wa Iwambi: chata ya gari inapokuwa taarifa

Ukipita Mafiati, hapa Mbeya, jioni hukosi kuona Subaru Impreza ya lita 1.5 iliyobandikwa mgongoni herufi za pinki za STI, zile za Impreza kali, au Altezza iliyong'olewa nembo ya Toyota ikavishwa L ya Lexus. Wanaoyajua magari hucheka, na hoja yao ni fupi: injini haijui inaitwaje, hivyo anayelipia chata anamlipia mwenye matangazo. Hoja ina ukweli. Ila imezaliwa pwani.

Ushahidi wao ni mzito, lazima tukiri. Altezza na Lexus IS 200 ni gari moja lenye majina ya masoko mawili. Toyota 86 na Subaru BRZ zilitoka kiwanda kimoja cha Subaru huko Gunma, na injini ni ile ile. Supra iliyorudi mwaka 2019 ina injini ya BMW, na iliunganishwa Graz, Austria, pamoja na BMW Z4. Ya Nissan ndiyo inachekesha zaidi: Skyline ya toleo la V37 ilipoingia sokoni Japani ilivikwa nembo ya Infiniti, jina ambalo halikuwa na maduka nchini humo, 2019 wakaibandua na kurudisha ya Nissan. Na hapa kwetu, BMW 320i ya E90 ina nguvu farasi 150 wakati Toyota Mark X 250G ya GRX120 ina 215. Waulize vijana ipi ni gari kali, uone watakavyokujibu. (Hata namba za usajili zimekuwa chata siku hizi. "Namba E", iliyosajiliwa karibuni, inauzwa ghali kuliko "namba C", na magari yenyewe yanaweza kuwa yametoka kiwandani mwaka mmoja.)

Tatizo ni kwamba neno chata limebebeshwa vitu viwili. Lipo jina la kiwanda, na zipo herufi ndogo za kwenye buti: X, XT, STI, 250G. Jina la kiwanda mnaweza kubishania mpaka usiku. Herufi ndogo, zikiwa za kweli, zinataja kilichomo ndani, na nyanda za juu huzisoma kwa ukali kuliko Dar.

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi. Kila pistoni inaposhuka kuvuta, huingiza oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Kompyuta ya gari inaliona hilo, inapunguza petroli iendane na hewa iliyopo, na nguvu inashuka kwa kiasi hicho hicho. Ile Mark X ya 215 inabakiwa na 180 na kidogo. Subaru Forester X ya SG5, yenye 140 hivi kwenye karatasi, inabakiwa na 120, halafu mmepanda watu watano na nyuma kuna magunia mawili ya viazi. Mnaifuata semitrela kutoka Chimala kuja Uyole, nafasi ya kuipita inakuja mara moja na ni fupi. Unakanyaga, gia inashuka, mlio unapanda, gari liko pale pale.

Pesa nyingi hupotea bure hapa. Gari limenunuliwa Dar, lilivuta vizuri hadi Morogoro, limefika juu "halivuti". Linabadilishiwa plagi, kisha koili, kisha pampu ya petroli. Mwishowe wanatoa masega, kile kichujio cha moshi cha kwenye ekzosi, na ule mlio mpya unamfanya mwenyewe aamini limepona. Hakuna kilichokuwa kimekufa. Literemshe Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni, nguvu itarudi yenyewe bila kushika spana.

Tabo (turbo) inaivuruga hesabu hiyo kwa sababu haingoji injini ivute hewa, inaisukumia. Forester XT ya SG5, yenye tabo, ina lita 2.0 zile zile za X, ila karatasi yake inasoma 220. Hewa ikiwa nyepesi, feni ya tabo huzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia presha inayotakiwa. Si bure kabisa: kompyuta hupunguza presha kidogo tabo isizidishe mzunguko, hewa iliyoshindiliwa inakuwa ya moto zaidi, na kwenye mizunguko ya chini, kabla tabo haijaamka, gari ni zito kwa sababu mgandamizo wa injini hizi ni mdogo. Lakini ikishaamka, ule mwanya wa farasi 80 uliokuwapo baharini unazidi kupanuka huku juu. Kwa hiyo mtu wa Mbeya au Njombe anayeongeza pesa apate hizo herufi mbili hanunui sifa. Wa Mikocheni, kule Dar, huenda.

Utasikia: basi anunue tabo, aachane na chata. Vizuri, lakini mnunuzi anaanzia wapi kama si kwenye herufi? Kinachotakiwa ni kuzihoji.

Kwa Impreza ya kuanzia 2007, anza na kadi kabla ya kutazama bodi. Chasisi ikianza na GH2 ni 1.5 hata iwe imejaa pinki. GH8 ni ya 2.0 yenye tabo; GRB ni STI. Mark X nayo inajitaja: GRX120 ni 2.5, GRX121 ni 3.0. Forester ndiyo yenye mtego, maana X na XT zote za 2.0 ni SG5, na boneti yenye tundu inauzwa na kufungwa kwa nusu siku. Ifungue. Chini ya tundu lazima kuwe na intakula, ile rejeta ya hewa, imelala juu ya injini; na tabo yenyewe iko kulia, kwa nyuma karibu na ukuta wa kabini. Ukikuta nafasi tupu, tundu hilo linaingiza mvua tu.

Breki ndizo chata bandia inakoumiza zaidi. STI ya kweli hushuka Iwambi na kalipa za Brembo zenye pistoni nne mbele na mbili nyuma. Vijana hufunga vifuniko vyekundu vya plastiki vyenye jina hilo juu ya kalipa ndogo za kawaida, na vifuniko hivyo huzuia hewa ya kupoza. Mteremko ukirefuka, maji ya breki yaliyozeeka huchemka, pedali inakuwa laini, inaenda hadi chini. Bora kalipa zenye kutu, maji ya DOT 4 yanayobadilishwa kila miaka miwili, na gia ya chini tangu mwanzo wa mteremko.

Jina la kiwanda nalo lisidharauliwe moja kwa moja. Kinacholipiwa kwenye Subaru, zaidi ya kumbukumbu za Safari Rally alizoshinda Colin McRae 1997 na Richard Burns 2000, ni kwamba gari limezoeleka: fundi keshaifungua injini kama hiyo, na kipuri kilichokosekana Mbeya kinatoka Kariakoo kwa basi la usiku. Lile gari la Ulaya lisilo na mwenzake mtaani linaweza kulala gereji wiki mbili likingoja sensa. Chata ikiwa na wenyewe wengi ni spea.

Gharama za XT hazifichiki. Mkanda wa taimingi ni kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu zinapinda. Oili ipimwe kila wiki, kwa sababu tabo ikikaa na oili pungufu kwa safari moja tu inakwisha. Baadhi ya injini hizi zina kichujio kidogo ndani ya bolti ya bomba la oili la tabo, kikiziba tabo inakufa na fundi anailaumu tabo. Petroli pia: Japani XT iliandikiwa ya daraja la juu, ya oktani karibu 100. Ya vituo vyetu haifiki, hivyo usimruhusu mtu akuongezee presha "ili ivute zaidi."

Juni na Julai asubuhi, Mbeya inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Hiyo ndiyo saa ya kwenda kulikagua, injini ikiwa haijawashwa tangu jana. Weka kiganja juu ya boneti kabla ya kuulizana bei. Likiwashwa, moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayopita kwenye gasketi. Mlio mdogo wa kugonga unaopotea injini ikipata moto ni pistoni zinazocheza, jambo la kawaida kwa injini hizi, la kupunguziwa bei. Ukikuta muuzaji ameshaliwasha kabla hujafika, mwambie utarudi kesho alfajiri.