Jina kwenye kibao cha uzinduzi

Katika kijiji kimoja wilayani Bahi kuna darasa lenye kibao cha marumaru ukutani: jina la kiongozi aliyelizindua, cheo chake na tarehe. Boma la darasa hilo lilipandishwa hadi kwenye lenta kwa msaragambo, yaani kazi ya kujitolea ya wanakijiji. Mchanga ulichotwa korongoni, mawe yakasombwa kwa mikokoteni ya ng'ombe, akina mama wakabeba maji kichwani katika eneo ambalo maji ya kunywa tu ni ya kutafuta. Serikali ikaja kumalizia: bati, sakafu, madirisha. Siku ya uzinduzi wananchi wakaambiwa wamshukuru mgeni rasmi kwa kuwaletea darasa. Wakapiga makofi.

Inaniuma. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na kiongozi naye anayo haki yake. Tazama Dodoma yenyewe. TANU, chama tawala cha wakati ule, iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapa, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa mwaka huohuo. Miaka zaidi ya 40 ikapita, wizara nyingi zikiwa bado Dar es Salaam. Ilipofika 2016, Rais Magufuli akatamka kwamba serikali inahama, ndipo watumishi wakafunga mizigo. Anayesema uamuzi wa kiongozi si kazi atueleze ile miaka 40.

Ila wangehamia wapi kama hapakuwa na viwanja vilivyopimwa na barabara zilizochongwa? Wapima ardhi na mafundi wa CDA walifanya kazi hiyo juani miaka nenda rudi. Mamlaka ikavunjwa 2017, na leo wengi tunaikumbuka kwa migogoro ya viwanja tu. Na treni ya SGR ni hivyohivyo: ujenzi ulianza chini ya Magufuli, safari za hadi Dodoma zikaanza 2024 chini ya Rais Samia, na vijiweni watu wanabishana ni ya nani kati ya hao wawili. Waliotandika reli hawamo kwenye ubishi.

Watetezi wa kumsifu kiongozi wana hoja moja nzito: sifa ni za kiongozi kwa kuwa mambo yakiharibika lawama ni zake. Ingekuwa hivyo kweli, ningenyamaza. Lakini barabara ikisombwa na mvua, anayefokewa mbele ya kamera ni mhandisi, na anayesimamishwa kazi jukwaani ni mkurugenzi wa halmashauri. Sifa zinapanda ngazi, lawama zinashuka. Hapo ndipo hoja yao inaponishinda kuikubali.

Kule Bahi, mwaka uliofuata, mwenyekiti wa kijiji aliitisha msaragambo mwingine, safari hii wa vyoo vya shule. Waliojitokeza walikuwa wachache mno. Mzee mmoja aliyebeba mawe mara ya kwanza alimuuliza kwa upole kama yule aliyejenga darasa hawezi kuja kujenga na vyoo.