Upole kwa watoto wa Kinavajo sio jambo dogo

Asante mwandishi kwa hii habari ya walimu wa sande skuli kule kwa Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, jimbo la Arizona, wanaofundisha watoto neno la Mungu kwa upole bila kufoka wala fimbo. Hao ndo walimu, maana watu wanasahau kule zamani watoto walichukuliwa kwa wazazi wakapelekwa shule za bweni, wakanyolewa nywele, wakiongea lugha yao wanachapwa, na nyingine zilikuwa za kanisa kabisa, hadi Biden, aliyekuwa rais wa Marekani, akaja kuomba msamaha 2024 kwa niaba ya serikali. Sasa mtoto ambaye bibi yake alipitia hayo utamwambia Yesu anampenda huku umemkunjia uso?? Haiwezekani jamani. Na wale watu malezi wanayo, mtoto mchanga akicheka mara ya kwanza wanafanya sherehe, aliyemchekesha ndo anaandaa chakula na kichanga kinashikishwa chumvi wageni wapewe. Mwalimu aanzie hapo hapo, amuulize mtoto ukoo wa mama yake, aimbe nao Kinavajo, Biblia nzima wanayo kwa lugha yao toka 1985, na mtoto anayechelewa kujibu asubiriwe tu.