Kizuri Hakijiuzi: Waulizeni Wanamuziki wa Kanada

Jumamosi iliyopita tulikuwa harusini hapa Scarborough, Toronto. Pilau limeliwa, keki imekatwa, DJ katoka kwenye taarabu kaingia bongo fleva, na meza yetu ya watu wazima ikafika pale pa kubishana. Mmoja akalalamika kwamba kila akiwasha redio ya gari anabebeshwa nyimbo za Wakanada kwa sababu ya sheria yao ile inayozilazimisha redio kupiga sehemu fulani ya muziki wa Kanada. Shemeji yangu, mtu ninayemheshimu na aliyenitangulia nchi hii kwa miaka mingi, akaufunga mjadala kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muziki ukiwa mzuri, akasema, hauhitaji serikali iupigie debe. Meza nzima ikaitikia. Binti yake wa miaka 17 alikuwa kakaa pembeni, sikio moja limezibwa na spika ndogo ya simu, hakusema neno.

Na mimi sikusema. Harusi ya watu si mahali pa kuhutubia. Lakini wiki nzima imepita na maneno yale bado yamenikaa kooni, kwa hiyo nayatoa hapa.

Mwaka 1965 vijana wa Winnipeg, bendi ya Chad Allan and the Expressions, walitoa wimbo wa "Shakin' All Over". Rekodi ilikuwa kali. Tatizo ni kwamba watangazaji wa redio wa Kanada, Wakanada wenyewe, walikuwa hawana imani na kitu kilichotoka nyumbani. Enzi zile kila mtu alitaka bendi za Uingereza. Kampuni yao ikafanya nini? Ikaificha bendi. Ikapeleka santuri redioni na badala ya jina ikaandika "Guess Who?", yaani kisia ni nani, ili watangazaji wadhani labda ni Waingereza. Wimbo ukapigwa, ukapanda hadi namba moja Kanada. Ukweli ulipotoka, jina la bandia lilikuwa limeshaota mizizi, na bendi ikabaki nalo mpaka leo: The Guess Who.

Tafadhali usilipite hilo haraka. Sauti ni zile zile, gitaa ni lile lile. Kilichobadilika ni karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri. Kama kizuri chajiuza, kwa nini kizuri hiki kililazimika kuficha kwao ndipo kinunuliwe kwao?

Miaka mitano baadaye, 1970, bendi hiyo hiyo ikashika namba moja Marekani kwa "American Woman", bendi ya kwanza ya roki ya Kanada kufika hapo. Najua shemeji ataukamata mwaka huo: 1970, kabla ya sheria. Ni kweli, na sitaukwepa. Lakini waliofika ni wachache, na wengi wao walifika kwa kuhama. Hank Snow wa Nova Scotia alikwenda Nashville. Paul Anka wa Ottawa, mtoto wa familia yenye asili ya Syria na Lebanon, alirekodi "Diana" New York mwaka 1957 kabla hajafika miaka 16. Neil Young aliendesha gari kuukuu la kubebea maiti kutoka Toronto hadi Los Angeles mwaka 1966. Joni Mitchell akaondoka. Vijana wanne kati ya watano wa bendi iitwayo The Band walikuwa Wakanada, na umaarufu waliupatia Marekani. Nchi ilikuwa inazaa na jirani analea, na mtoto akishakuwa mkubwa ndipo redio za nyumbani zinampiga, kwa sababu sasa anatoka Marekani.

Walioona aibu hiyo mapema ni wawili, Walt Grealis na Stan Klees. Grealis alianzisha gazeti dogo la muziki, RPM, mwaka 1964, na wakalitumia kupiga kelele juu ya jambo hili bila kuchoka. Wasomaji wa gazeti walikuwa wakipigia kura wasanii bora wa mwaka, na kura hiyo ndiyo iliyozaa tuzo tunazoziita leo Juno. Jina lenyewe linatokana na Pierre Juneau, mwenyekiti wa kwanza wa tume ya utangazaji, CRTC, aliyethubutu kusaini amri ambayo wenye redio hawakuitaka. Amri ikaanza kazi tarehe 18 Januari 1971: kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 6 usiku, asilimia 30 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kanada.

Wenye redio walilia kwamba wasikilizaji watahama. Walisema hakuna nyimbo za kutosha. Hapo walisema kweli kidogo, maana nani angerekodi nyimbo ambazo hakuna redio itakayozipiga? Wengine wakatii kwa ujanja: nyimbo za nyumbani wakazisukumia alfajiri na usiku mkubwa, saa ambazo watu wamelala, mpaka saa hizo zikatungiwa jina la dhihaka, "saa za beaver", kwa yule mnyama wa mtoni aliye nembo ya nchi hii. Lakini polepole studio zikajengwa, kwa sababu sasa palikuwa na sababu ya kuzijenga. Kampuni za santuri zikaanza kutafuta vijana. Fundi wa mitambo akapata kazi bila kuvuka mpaka, na mtunzi akaona mirabaha inaingia. Mti wa muziki una mizizi ambayo msikilizaji haioni, na mizizi ndiyo iliyomwagiliwa na ile asilimia 30.

Hapa niwaambie habari ya bibi mmoja. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na bibi huyu nilikuwa naenda kwake asubuhi tatu kwa wiki. Alizaliwa mji mdogo kando ya Ziwa Superior. Tarehe 1 Mei 2023 mwimbaji Gordon Lightfoot alifariki, na kesho yake nilipofika nilimkuta kakaa karibu na redio, chai imepoa, hataki kuguswa. Ulikuwa unapigwa wimbo wa meli ya Edmund Fitzgerald, iliyozama katika ziwa lile tarehe 10 Novemba 1975 na watu wote 29 waliokuwamo. Lightfoot aliutoa mwaka uliofuata. Bibi akaniambia kwamba utoto wake wote nyimbo za redioni zilitaja California, Memphis na miji ambayo asingeifika maisha yake yote. Akaniambia, siku nilipousikia wimbo huu nilisimama jikoni na sahani mkononi, kwa sababu kulikuwa na mtu redioni anaimba ziwa ninaloliona dirishani.

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Mimi nimekulia Tanga. Najua mtoto anavyoinua kichwa akisikia redio inautaja mji wake ndani ya dansi. Ni kama mtu kakuita kwa jina.

Siku ile, kanisa la mabaharia la Detroit, ambalo wimbo wenyewe unalitaja, lilipiga kengele mara 30. Mara 29 kwa mabaharia, na moja kwa aliyewaimba. Lightfoot alizaliwa Orillia, mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa nilipokaa, na yeye ni katika wale waliobaki.

Sasa tukubali ya kukubaliwa. Sheria haikumfundisha mtu kuimba. Redio nyingi zilitimiza hesabu kwa kuwarudia wale wale, Anne Murray asubuhi, Lightfoot mchana, Anne Murray tena jioni, na chipukizi wakaendelea kusubiri mlangoni. Rush, bendi ya Toronto, mwaka 1974 walifunguliwa njia na redio ya Cleveland huko Ohio, na sheria ilikuwa na miaka mitatu wakati huo. Inaniuma kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na hesabu yenyewe iliwahi kuleta kichekesho. Wimbo hupimwa kwa mambo manne: nani katunga muziki, nani kaimba, umerekodiwa wapi, nani kaandika maneno. Mawili yakiwa ya Kanada, wimbo ni wa Kanada. Mwaka 1991 mwimbaji wa Kanada Bryan Adams, ambaye wimbo wake wa ile filamu ya Robin Hood ulikaa namba moja Uingereza wiki 16 mfululizo, akaambiwa albamu yake si ya Kanada, kwa kuwa alitunga pamoja na Mutt Lange, mzaliwa wa Mufulira, Zambia. Adams alikasirika hadharani, na alikuwa na haki. Mwaka 1993 kanuni ikarekebishwa ili utunzi wa ubia uhesabike. Lange huyo huyo baadaye akamwoa Shania Twain wa Timmins, Ontario, wakatengeneza "Come On Over", albamu iliyouzwa nakala zaidi ya milioni 40. Kanuni mbovu hurekebishwa. Hiyo si sababu ya kuifuta.

Quebec sitaingia sana, ila niseme tu kwamba huko redio za Kifaransa zinadaiwa asilimia 65 ya nyimbo ziwe za Kifaransa, na binti wa mwisho wa familia ya watoto 14 kutoka Charlemagne, Celine Dion, alianzia kwenye Kifaransa hicho kabla dunia nzima haijalia naye baharini na ile meli ya filamu ya Titanic.

Ninachotaka shemeji asikie zaidi ni hiki, kwa sababu kinatuhusu sisi wenye ngozi hii. Mwaka 1989 Maestro Fresh-Wes wa Toronto alitoa "Let Your Backbone Slide", na ukawa wimbo wa kwanza wa rap wa Kanada kufikia mauzo ya dhahabu. Watu walikuwa wanautaka, na pesa ilionekana. Mwaka uliofuata wafanyabiashara weusi wa Toronto, wakiongozwa na Denham Jolly, waliomba leseni ya redio ya muziki wa watu weusi. Tume ikawanyima, na masafa yakapewa redio ya kantri. Wakaomba tena miaka ya 90, wakakosa tena. Walipata leseni mwaka 2000, na Flow 93.5 ikaingia hewani mwaka 2001. Miaka 10 na zaidi wanagonga mlango mmoja! Katikati ya miaka hiyo, 1998, Rascalz wa Vancouver walishinda Juno ya rap wakaikataa, kwa sababu tuzo ya rap ilikuwa inatolewa pembeni, nje ya sehemu inayoonyeshwa kwenye televisheni. Mwaka uliofuata wakaitwa jukwaani mbele ya kamera, wakaimba "Northern Touch" na wenzao.

Je, rap ya mwaka 1989 haikuwa kizuri? Ilikuwa kizuri, ikakaa nje. Tume ile ile iliyowalinda Wakanada dhidi ya jirani mkubwa ilisahau kwamba na sisi ni Wakanada. Hasira yangu kwa tume hiyo ni ya kweli, na bado naitetea sheria yake, kwa sababu historia yote hii inasema jambo moja: mlango una mtu anayeushika, na huyo mtu lazima aulizwe. Aliyeushika mwaka 1965 alikuwa mtangazaji. Mwaka 1990 ilikuwa tume. Leo ni kampuni za kusikiliza muziki mtandaoni, ambazo mashine zao ndizo zinazochagua wimbo unaofuata, na ndiyo maana bunge likapitisha sheria mpya mwaka 2023 ili nazo zichangie muziki wa nchi zinamovuna. Kampuni zinalia sasa kilio kile kile cha wenye redio wa mwaka 1971.

K'naan, aliyeikimbia Mogadishu akiwa mtoto, alipata Juno ya rap mwaka 2006, miaka minne kabla Kombe la Dunia la Afrika Kusini halijaimba wimbo wake. The Weeknd ni Abel Tesfaye, mtoto wa Wahabeshi, kakulia hapa hapa Scarborough, pengine barabara mbili kutoka ukumbi ule tulipokuwa tunakula pilau. Jeremy Dutcher kaimba kwa Kiwolastoqey, lugha ya wenyeji wa New Brunswick ambayo wazungumzaji wake ni wachache mno, akashinda Polaris, tuzo ya albamu bora ya Kanada, mwaka 2018, akaichukua tena mwaka 2024.

Shemeji, unisamehe kwa kukujibu hadharani. Usiku ule baada ya harusi nilimrudisha binti yako nyumbani, ninyi mmebaki kusaidia kukusanya viti. Njiani aliniomba nizime redio, akanisikilizisha wimbo kwenye simu. Muziki kautunga mwenyewe, sauti ni yake, karekodi chumbani kwake, maneno kaandika yeye. Mambo manne kwa manne. Ubeti wa kwanza ni Kiingereza, wa pili ni Kiswahili, na ndani ya ubeti wa pili kuna jina la kijiji chenu. Sikujua kama analijua. Muombe akusikilizishe.