Kioo Kizito Hakihitaji Mota

Kila mwenye gari la zamani hapa Kampala hupewa ushauri huu bila kuuomba: "Weka mota." Kioo cha dirisha kikiwa kizito kuzungusha, kikikwama katikati au kikidondoka ndani ya mlango kwa kishindo, atatokea mtu akuambie ung'oe mashine yote ya kuzungusha, ununue mota za gari dogo la kisasa kwenye soko la spea la Kisekka, ufunge swichi, uishi kama wenzako. Mimi sikubali. Na gari likiwa la michezo la enzi zile, kama hii Datsun 240Z ninayohangaika nayo, nakataa kabisa.

Gari hili si mgeni kwetu. Lilishinda Safari Rally mwaka 1971, na tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake iliondoka 1972 Amin alipowafukuza Waasia. Mehta alikuja kushinda Safari mara nne zaidi, mfululizo, 1979 hadi 1982. Sisemi vioo vya kuzungusha ndivyo vilivyompa ushindi! Nasema tu kwamba aliyebahatika kubaki na gari la namna hiyo asilifanyie kazi ya haraka haraka.

Fungua bodi ya ndani ya mlango ujionee. Kishikio kinageuza gia ndogo. Gia ndogo inasukuma kipande cha chuma chenye meno, nacho kinainua mikono miwili iliyopishana kama mkasi. Ncha za mikono hiyo zina vigurudumu vinavyoteleza kwenye reli iliyoshika kioo kwa chini. Springi ya kujiviringa inasaidia kubeba uzito. Basi. Hakuna fyuzi, hakuna waya unaopita kwenye bawaba na kukatika kwa kukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Kilichoharibika unakiona kwa macho.

Sasa uzito unatoka wapi? Mafundi wengi hukimbilia kuilaumu mashine, na mara nyingi mashine inaonewa. Kioo hupanda na kushuka ndani ya mifereji iliyotandikwa raba au felti. Ipe mifereji hiyo miaka 50 ya jua na vumbi jekundu: raba inakauka, felti inashiba mchanga, kutu inavimba kwa nyuma, nafasi inabana. Dereva anaongeza nguvu mkononi, na nguvu yote inaishia kwenye gia ndogo. Kwa kuwa meno yake ni machache, kila jino linafanya kazi mara nyingi kuliko meno ya kipande kikubwa, ndiyo maana gia hiyo huanza kulika. Grisi ya kiwandani nayo imeshakauka na kuwa gamba gumu. Funga mota juu ya mfereji mbovu uone: itavuta uzito ule ule, itapata joto, itaungua. Tena itaungua kioo kikiwa chini, mwezi wa Aprili, mvua imeshuka na foleni ya Jinja Road haisogei.

Fundi ninayemwamini ni mzee wa Kinubi kutoka Bombo, ana gereji yake Ndeeba. Tunamwita Hajji, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, hakina mapambo. Siku moja nilimkuta akimfundisha kijana wake mbele ya mlango uliofunguliwa.

"Nishushe mashine, Hajji?"

"Ngoja kwanza, mwanangu. Achanisha kioo na mashine, halafu kisukume kwa mkono. Kikigoma, ugonjwa uko njiani. Kikipita vizuri, zungusha mashine peke yake bila mzigo. Hapo utajua nani mwongo."

Jaribio hilo halihitaji hata shilingi moja, na bado watu hulipia mota kabla ya kulifanya.

Mashine ikionekana ndiyo mbovu, itolewe kwa adabu. Kishikio kwenye magari mengi ya enzi hizo kimeshikwa na klipu ndogo kwa nyuma. Usichokoe na bisibisi ukaikwaruza bodi. Pitisha kitambaa nyuma ya kishikio, kivute huku na huku, klipu itachomoka. (Weka mkono tayari kuidaka, inaruka.) Springi ndiyo ya kuogopa. Imebeba nguvu hata gari likiwa limelala, na ukiifungua kabla ya kubana kipande chenye meno kwenye jiriwa, kitageuka ghafla na kukata kidole.

Baada ya hapo nenda Katwe, kwa mafundi wa chuma. Hapa ndipo hoja yangu ilipo hasa. Vigurudumu vikipasuka, yupo mtu wa kuvikereza upya kwa nailoni. Jino likilika, yupo wa kulijaza kwa kuchomelea na kulichonga kwa tupa, taratibu, huku akilipima na gia yake. Mota ya kisasa ikifa unanunua nyingine iliyotumika, usiyojua imebakiza uhai gani. Na tangu sheria ya 2018 ilipozuia kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15, usitegemee kuagiza gari zima la zamani ulichinje kwa spea. Tulichonacho ndicho hiki.

Raba na felti usizirudishie za zamani hata zikionekana nzima. Grisi nyeupe ipakwe kwenye meno na reli. Kwenye raba tumia silikoni, maana grisi ya kawaida huivimbisha. Fundi akimaliza, hakikisha amerudisha karatasi ya nailoni nyuma ya bodi na kuzibua vitundu vya maji chini ya mlango. Wengi huitupa karatasi hiyo wakidhani ni takataka za kiwandani, kisha mwakani wanashangaa mlango umeoza.

Mtu mwenye bega bovu au ulemavu simnyimi mota yake. Afunge, ila mashine ya asili aifunge kwenye gunia na kuihifadhi. Na wewe uliyenunua gari ambalo mashine zilishang'olewa na kupotea, unapozunguka Kisekka beba ile ya mlango uliobaki nayo, kama ipo, na utaje upande unaoutafuta. Ya kulia haiingii kushoto, na muuzaji hatakukumbusha.