Jaji wa Rufani Tumpime kwa Sababu Anazoandika

Kila Mahakama ya Rufani inapokuja kuketi Mbeya, watu wa Rungwe, Mbozi na Chunya hufika mapema, wamejifunika makoti mazito kwa ajili ya baridi, na wengi wao hukumbatia bahasha ya kaki yenye makaratasi ya kesi. Mwaka juzi nilikuwa miongoni mwao, nikimsindikiza baba yangu mdogo, ambaye shauri lake la shamba la migomba lilianzia baraza la kata, likapita baraza la wilaya na Mahakama Kuu, hata likawafikia majaji watatu wa rufani. Juu ya majaji hao hakuna mahakama nyingine nchini.

Ndiyo maana, tunapotathmini utumishi wa jaji wa rufani, mimi huviweka kando vyeo na tume alizoongoza, nikatafuta hukumu zake. Barnabas Samatta alikuwa Jaji Mkuu kuanzia mwaka 2000 hadi 2007, lakini ninayemheshimu hasa ni yule wa Februari 2002, alipoketi pamoja na majaji Kisanga na Lugakingira kuamua rufaa ya Julius Ishengoma Francis Ndyanabo dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Sheria ya Uchaguzi ilimtaka anayepinga matokeo ya ubunge aweke mahakamani shilingi 5,000,000, kama dhamana ya gharama, kabla shauri lake halijapangiwa tarehe ya kusikilizwa. Mahakama Kuu haikuona kasoro katika sharti hilo. Majaji wa rufani waliona kuwa linakiuka Katiba, kwa kuwa linamfungia mtu mlango wa mahakama kabla hajasikilizwa, wakalibatilisha. Kwa mkulima wa viazi wa Umalila, fedha hizo zilikuwa nyingi kuliko mavuno ya miaka kadhaa, na ninaamini uamuzi ule ulimlinda yeye kuliko mwanasiasa yeyote.

Linaloniumiza ni kwamba sababu nzuri namna hiyo zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na bado hukumu nyingi za rufani zinatoka kwa lugha ambayo wenye shauri hawaisomi. Naelewa ugumu wake, maana mashauri ya zamani yanayorejewa na istilahi zake vyote viko katika lugha hiyo, na jaji mwenye mrundikano wa majalada hana muda wa kuandika mara mbili. Hata hivyo, muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, uliotiwa saini na majaji wenyewe, hauwezi kuwa mzigo usiobebeka.

Baba mdogo alishindwa. Tuliketi kwenye benchi nje, nikamtafsiria hukumu aya kwa aya, naye akinisimamisha kila lilipotajwa jina la shahidi. Tulipofika mahali ambapo majaji walieleza kwa nini ushahidi wake kuhusu mpaka wa mtoni haukutosha, aliniomba nirudie. Nikarudia mara tatu. Akaikunja karatasi, akairudisha kwenye bahasha, akasema, "Kumbe walinisikia, mwanangu."